Dirisha la Dawa: Mwaka wa bima ya mzee ukiisha, dawa zake zitatoka wapi?

Barua za mwezi huu zinafanana. Watoto na wajukuu wanaotunza wazee wao wanauliza kuhusu kuhuisha: bima ya afya ya serikali, SHA, inayokaribia kuisha, msaada wa serikali ambao haijulikani kama bado upo, fomu iliyofika nyumbani ikiwa na tarehe ya mwisho. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaikalia zaidi, kwa sababu ndani yake kuna mzee ambaye tayari ameanza kujipunguzia dawa. Jambo kama hilo halingoji toleo lijalo, kwa hiyo nilimpigia binti yake simu siku niliyoisoma. Tuliyozungumza nayaandika hapa, maana najua nyumba nyingi za Nairobi zina mzee wa namna hiyo.

Shikamoo Mama wa Dirishani. Baba yangu ana miaka 74. Alikuwa fundi wa vyuma Gikomba, sasa hana kazi, anaishi peke yake katika chumba cha mabati hapa Kariobangi. Ana presha na sukari. Anameza amlodipine asubuhi, na metformin mara mbili kwa siku. Mwaka jana mimi na kaka zangu wawili tulichanga tukamlipia SHA ya mwaka mzima, shilingi 5,400. Mwaka unaisha mwezi ujao na kaka mmoja amefutwa kazi. Jirani anasema tusipolipa, hata kituo cha afya hakitampa dawa. Nilitaka kumweka kwenye SHA yangu ya kazini nikaambiwa haiwezekani. Baba ametusikia tukizungumza, sasa anameza amlodipine leo, kesho anaacha, ili zifike mbali. Tufanye nini? Binti, Kariobangi South.

Marahaba mwanangu. Kabla ya SHA na kabla ya pesa, tuanze na baba. Leo hii arudi kwenye kidonge chake cha kila asubuhi. Amlodipine hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana akiruka siku moja hasikii tofauti yoyote. Hapo ndipo inapomdanganya. Anaona yuko sawa, anadhani nusu inamtosha, kumbe presha inapanda wiki baada ya wiki bila kumuuma popote. Nilipokuwa nikigawa dawa katika vituo vya Eastlands niliwaona wazee walioondoka kwa miguu yao wakirudi wameshikiliwa na wana wao, mkono mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande. Ukiuliza kwa upole, unaambiwa dawa zilikuwa zikinyoshwa ili zifike mwisho wa mwezi.

Na wewe unayesoma ukiwa na mzee anayetumia atenolol, dawa nyingine ya presha, kwake ni hatari zaidi: dawa hiyo haikatwi ghafla hata siku chache, kwa sababu moyo unaweza kurudi na kishindo. Anayetumia glibenclamide ya sukari naye ana lake. Wazee wengi wakikosa pesa hupunguza chakula na kuendelea na dawa. Ukimeza glibenclamide bila kula, sukari hushuka mno, mzee akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka, na watu wa ploti wakadhani amelewa. Mpeni soda au chai yenye sukari nyingi mara moja ikiwa bado anaweza kumeza, kisha hospitali.

Sasa maneno ya jirani. Nia yake ni njema lakini amechanganya mambo mawili. SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliiwekea mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huo unalipiwa na serikali, na ndio unaogharimia matibabu ya kwenda na kurudi katika zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3. Mfuko wa pili, SHIF, ndio tunaouchangia sisi, na ndio unaolipa unapolazwa, unapopasuliwa, au unapohitaji matibabu makubwa ya hospitali. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu na mahututi. Huo hushika pale ule wa pili unapokuwa umefika kikomo.

Kwa hiyo dawa za baba yako za kila siku, akizifuata kituo cha afya, zinasimama juu ya usajili wake. Malipo ya mwaka yana kazi nyingine. Yakikwisha, jina lake halifutwi kwenye daftari. Aende na kitambulisho chake, aonwe, apimwe presha na sukari, apewe dawa zilizopo. Mtu wa dirishani akimwambia hujalipa kwa hiyo huna haki, ombeni kumwona msimamizi wa kituo, mumwambie mmekuja kwa mfuko wa afya ya msingi. Semeni maneno hayo hayo. Wasimamizi wengi wanayajua vizuri; wakati mwingine ni karani mgeni ambaye hajaelezwa.

Lakini sikushauri uache kulipa, na sababu ni moja: mzee wa miaka 74 mwenye presha na sukari ndiye hasa anayeweza kulazwa usiku wowote. Bila SHIF, kitanda, vipimo na dawa za wodini ni juu yenu. Mtakuwa mkichangishana kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia kwa haraka na kwa aibu, na pesa itakayotoka itapita 5,400 mara nyingi.

Kuhusu kumweka kwenye SHA yako ya kazini, ulichoambiwa ni kweli. Kwa sheria hii kaya ni mchangiaji, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Mzazi ni kaya yake mwenyewe. Najua inauma, kwa kuwa kwetu mzazi akishazeeka ni mtu wa nyumbani kwako, awe analala kwako au kwake. Hata hivyo hakuna kinachokuzuia kumlipia. Malipo hufuata namba ya kitambulisho chake, na simu inayotuma pesa inaweza kuwa ya mtu yeyote. Hakikisha tu kwamba kilichoingizwa ni kitambulisho cha baba. Msilipe kwa haraka kisha mkagundua pesa imeingia kwa jina lako.

Hapa nakuomba usome polepole. Kiasi alichokadiriwa baba kilitokana na yale maswali ya kupima uwezo: nyumba ya aina gani, paa gani, maji yanatoka wapi, choo cha namna gani, mnapikia nini. Majibu hayo ndiyo yanayokisia kipato cha kaya, kisha inatolewa asilimia 2.75. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Baba yako alikadiriwa 450 kwa mwezi. Nilipokuuliza kwenye simu nani aliyajibu maswali, ulisema ni wewe, ukiwa nyumbani kwako, na ulieleza nyumba yako yenye mfereji ndani na stima. Lakini baba haishi hapo. Anaishi chumba cha mabati, maji ananunua kwa mtungi, choo ni cha ploti nzima. Kabla ya kuhuisha, ombeni apimwe upya kwa hali yake mwenyewe, kwa ukweli, bila kuongeza wala kupunguza. Unaweza kubonyeza *147#, au kuingia kwenye tovuti ya Afya Yangu, au kumwita mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, wale waliopewa mikoba na simu mwaka 2023. Mkishindwa kote huko, nendeni dawati la SHA katika Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali. Ya Makadara ni karibu nanyi kuliko ya GPO. Chukua baba mwenyewe, kitambulisho chake, na simu yenye laini iliyotumika kumsajili. Kama laini hiyo ilipotea, lisemeni hilo kwanza kabla ya jingine lolote, kwa sababu ujumbe wote wa SHA unaenda huko.

Akirudi kwenye 3,600, ninyi watoto wawili mlio na kazi mtakuwa mnatafuta 150 kila mmoja kwa mwezi. Shida ni kwamba asiye na mshahara anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kanuni zinataka malipo yawe yameingia kabla ya mwaka wa zamani kwisha. Mimi nasema wazi kwamba utaratibu huu unawaelemea wazee. Mwenye mshahara anakatwa kila mwezi wala hahisi. Mzee asiye na shilingi ndiye anayedaiwa ya miezi kumi na miwili mapema. Serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili pesa ya mwaka ikopwe na kurejeshwa kidogo kidogo. Huo ni mkopo, kwa hiyo someni kiasi cha kurudisha kabla ya kukubali, na aukope kijana mwenye kipato badala ya baba. Njia ninayoipenda zaidi ni nyinyi kuanza leo kuweka kwa ajili ya mwaka ujao, kila mwezi siku ile ile, mahali ambapo mmoja wenu hawezi kutoa peke yake. Na huyu kaka aliyefutwa kazi msimdai. Apewe kazi ya kumsindikiza baba kliniki; nayo ni mchango.

Limebaki la dawa zenyewe, na hili halina uhusiano na kulipa wala kutolipa. Unaweza kuwa umesajiliwa, umelipa, umepanga foleni tangu alfajiri, ukafika dirishani ukaambiwa amlodipine imekwisha, nenda ukanunue. Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu kwamba kituo cha karibu na kwenu kimekuwa hivyo kwa muda. Nimekaa upande ule wa dirisha na najua uchungu wa kumwambia mzee maneno hayo. Vituo vya umma huagiza dawa zao hasa kutoka KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa; mzigo huja kwa awamu, na kati ya mzigo na mzigo rafu huwa tupu. Muulizeni mfamasia, kwa heshima, mzigo unatarajiwa lini na dawa za baba zilikuwa za kutosha muda gani ulipokuja uliopita. Atakuambia. Pangeni siku ya kliniki iwe karibu na hapo, na kama presha yake imetulia, ombeni daktari aandike dawa za zaidi ya mwezi mmoja. Si kila kituo kitakubali, lakini kuomba hakuna ada.

Mkilazimika kununua, daktari aandike jina la dawa yenyewe, amlodipine 5 mg, wala si jina la kampuni. Amlodipine, losartan, hydrochlorothiazide na metformin ni dawa za zamani zinazotengenezwa na viwanda vingi, na bei hutofautiana sana kutoka kemisti moja hadi nyingine katika barabara ile ile. Uliza mbili tatu kabla ya kutoa pesa. Ingia palipo na cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, na mtu anayekuuliza mzee anatumia dawa gani nyingine. Tembe zinazouzwa kwa kuhesabiwa kwenye kiganja, bila pakiti wala tarehe, mkae nazo mbali.

Habari yako Mama. Shosho yangu ana miaka 79, yuko Kawangware, anapata zile 2,000 za Inua Jamii. Wahudumu wa afya walikuja wakamuuliza maswali ya nyumba, kisha tukasikia kwamba serikali itawalipia SHA wazee wasiojiweza. Nilienda saiba nikatozwa shilingi 500 ili "kumhuishia". Hospitalini vidole vyake havisomeki kwenye mashine, tukarudishwa. Je, amelipiwa au hajalipiwa? Na inahuishwa vipi? Mjukuu, Kawangware.

Salama mjukuu wangu, na ahsante kwa kumshughulikia shosho wakati wenzako wamelala.

Inua Jamii na SHA ni vitu viwili vinavyoendeshwa na ofisi mbili. Inua Jamii ni pesa ya kujikimu kwa waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, chini ya idara ya ulinzi wa jamii. Kulipiwa SHA ni mpango mwingine. Sheria ya 2023 inaitaka serikali iwachangie wasiojiweza, na Oktoba 2025 ilianza kuwalipia kundi la watu milioni 2.2. Shosho anaweza kuwa kwenye orodha ya kwanza na asiwe kwenye ya pili. Usikae ukingoja kwa sababu tu zile 2,000 zinaingia.

Njia ya kujua ni kuangalia hali ya kitambulisho chake kwa *147#, au kupiga 147, au kufika kwenye dawati la Huduma Centre. Ikionyesha amelipiwa, uliza hadi tarehe gani, uiandike ndani ya kadi yake ya kliniki kwa kalamu inayoonekana. Usiondoke bila tarehe. Ikionyesha hajalipiwa, rudi kwa yule mhudumu wa afya ya jamii aliyewahoji, kwa kuwa anaujua mlango wenu, umuulize kama fomu ya shosho ilikamilika kutumwa. Wakati mwingine maswali huulizwa yote, kisha mtandao ukakatika kabla ya kutuma, na familia ikangoja jibu la kitu ambacho hakikufika. Chifu na wazee wa nyumba kumi nao waambieni. Wao ndio wanaojua nani kwenye mtaa hana mtu.

Wakati mnangoja, shosho ana haki yake ya zahanati na kituo cha afya kama nilivyomweleza binti wa Kariobangi.

Zile 500 za saiba sikuzipenda. Kusajiliwa ni bure, na kupimwa uwezo ni bure. Kijana wa saiba anaweza kudai ya karatasi na muda wake, lakini hakuna kitu kinachoitwa ada ya kuhuisha kwa mtu anayelipiwa na serikali. Nina wasiwasi zaidi na lingine: je, aliomba PIN ya M-Pesa ya shosho, au alibaki na nakala ya kitambulisho chake? Kama aliomba PIN, ibadilisheni leo. Kuna watu wanaopiga simu kwa wazee wakisema wanatoka SHA na pesa za bibi zimekwama. Mwambie shosho kwamba akipigiwa simu ya namna hiyo akate, akuite wewe.

Vidole. Mikono iliyofua nguo za watu, iliyolima na kuchuma chai, hufutika alama. Sikushangaa hata kidogo. Mwosheni mikono kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta kidogo ya kulainisha usiku uliotangulia, na mikono iwe mikavu anapofika kwenye mashine. Karani ajaribu kila kidole cha mikono yote miwili, kidole gumba kwanza. Ikishindikana, msikubali kurudishwa nyumbani bila shosho kuonwa na daktari. Ombeni afisa wa SHA aliyepo hospitalini, au msimamizi wa zamu, athibitishe kwa njia nyingine na aandike kwamba vidole vilikataa. Nimeona wazee wakigeuzwa mlangoni kwa sababu ya mashine, na kila mara nasema lile lile: mgonjwa aonwe kwanza, mashine itafuatwa baadaye.

Shikamoo. Mama yetu ana miaka 77 na yuko Minnesota, Marekani, kwa kaka yangu. Ni raia wa huko sasa. Ana Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko kwa wazee, na dawa zake za presha na kolesteroli alikuwa akilipa dola chache tu kwa sababu ya msaada unaoitwa Extra Help. Septemba ilikuja fomu. Kaka anafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, barua zikarundikana. Januari mama alienda famasi akaambiwa alipe bei kubwa, akaacha dawa nyingine dukani. Ananipigia mimi huku Nairobi akilia. Naweza kufanya nini nikiwa mbali? Msomaji, South B.

Marahaba. Pole wewe, na pole mama. Rafiki yangu tuliyesoma naye anafanya kazi famasi huko huko Minnesota. Nimemuuliza kabla ya kukujibu ili nisikuongoze kwa kubahatisha.

Extra Help ni msaada wa serikali kuu ya Marekani kwa watu wenye Medicare na kipato kidogo, wa kuwapunguzia malipo ya dawa chini ya ile sehemu ya Medicare iitwayo Part D. Maombi yanapitia ofisi ya Social Security, inayosimamia pensheni za serikali ya huko. Kuna wanaoupata bila kuomba, kwa mfano walio na Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, au SSI, posho ya kujikimu. Waliobaki huomba wenyewe, na baadhi yao huchaguliwa kila mwaka kukaguliwa tena. Fomu ya ukaguzi huo hutumwa karibu na Septemba, ina namba SSA-1026, na inatakiwa irudishwe ndani ya siku 30. Isiporudi, msaada unakatwa mwaka mpya ukianza. Yaelekea ndicho kilichompata mama, na ndiyo maana pigo limekuja Januari wakati fomu yenyewe ilifika miezi kadhaa nyuma.

Kuna uwezekano wa pili. Kama mama alikuwa anaupata kwa sababu ya Medicaid na Medicaid ikakatika, basi barua aliyoletewa ilikuwa ya karatasi ya kijivu, ikimwambia kwamba hatapewa tena moja kwa moja. Kaka aitafute kwenye rundo. Rangi ya karatasi na namba iliyo pembeni vitawaambia njia ipi ya kufuata.

Vyovyote vile, kukatwa huku hakumaanishi mama hastahili. Anaweza kuomba upya siku yoyote ya mwaka, kwa fomu SSA-1020, kwenye mtandao, kwa simu 1-800-772-1213, au kwa kufika ofisini. Kwa mwaka 2025 mtu anayehesabiwa peke yake alistahili akiwa na kipato kisichozidi dola 23,475 kwa mwaka na akiba isiyozidi dola 17,600. Viwango hivi huongezwa kidogo kila mwaka. Nyumba anamoishi haihesabiwi, wala gari. Pesa ya mshahara wa kaka yako nayo isiandikwe kama ya mama, na hapa ndipo familia zetu zinapoteleza, kwa sababu tumezoea kusema cha mtoto ni cha mzazi. Fomu inauliza cha mama na cha mumewe kama yupo. Kwa msaada kamili, mwaka huo wa 2025 dawa ya jina la kawaida haikuzidi dola 4.90 na ya jina la kampuni dola 12.15. Dawa za presha na kolesteroli za mama kwa kawaida ziko kwenye kundi la bei ya chini.

Kama barua ya kukataliwa imeshafika na hamkubaliani nayo, mama ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 60. Kuomba upya na kukata rufaa ni vitu tofauti, na mshauri atawaambia kipi kinafaa. Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare. Kwa Minnesota huduma hiyo inaitwa Senior LinkAge Line. Kaka apige kabla hajalala asubuhi akitoka kazini.

Ukiwa South B kazi yako ni mbili. Ya kwanza, muulize mama ni dawa zipi hasa alizoziacha dukani, na kaka amwambie mfamasia leo. Famasi nyingi huko zina bei ya kulipa taslimu kwa dawa za kawaida ambayo ni ndogo kuliko ile iliyotokea kwenye kompyuta, na daktari wake anaweza kubadilisha ya bei kubwa kwa ya bei ndogo iliyo kwenye orodha ya bima yake. Asikae bila dawa kwa ajili ya fomu.

Ya pili, uwe naye kwenye simu wakati kaka anapopigia Social Security. Hawatazungumza na kaka wala na wewe kuhusu mambo ya mama bila ridhaa yake, kwa hiyo mama awepo, aseme jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa kwa kinywa chake. Kama Kiingereza cha simu kinamshinda, aombe mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yake na hatozwi kitu. Mkimaliza, kaka aandike jina la aliyewahudumia, tarehe na alichoahidi. Na kuanzia mwaka huu, kila Septemba, bahasha zote za Social Security na za Medicare zifunguliwe siku zinapoingia, kaka azipige picha akutumie, nawe uzisome jioni yenu wakati yeye amelala.